Kutambua jeraha la figo na ureta: kuanzia mapokezi hadi picha ya dakika ya kumi

Majeruhi wa bodaboda akifikishwa mapokezi amepasuka kichwa na kuvunjika mguu, macho ya wote huenda kichwani na mguuni. Figo imejificha nyuma kabisa ya tumbo, chini ya mbavu za mwisho, imezungukwa na mafuta na utando mgumu uitwao fashia ya Gerota. Inaweza kuvuja damu nyingi huko nyuma na tumbo likabaki laini. Ureta, yaani mrija mwembamba wa sentimita 25 hadi 30 unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofuni, unaweza kukatika kabisa pasipo tone la damu kuonekana kwenye mkojo.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na namna mtu alivyoumia, ndipo unafika kwenye mkojo, kisha picha. Anayeanza na rangi ya mkojo hupitwa na majeraha yaleyale yasiyovumilia kucheleweshwa. Umeandikwa kwa ajili ya madaktari, matabibu na wauguzi wa hospitali za wilaya na mikoa.

Hatua ya 1: Okoa maisha, na wakati huohuo uliza

Njia ya hewa, kupumua na mzunguko wa damu hutangulia mambo yote. Weka kanula mbili kubwa, geji 16 au 18. Kabla ya kufungulia dripu chukua damu ya kupima kundi na kupatanisha, wingi wa damu na kreatinini (taka ya damuni inayoonyesha kazi ya figo). Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa apimwe mimba. Kreatinini inayopimwa ndani ya saa ya kwanza inaonyesha figo zilivyokuwa kabla ya ajali. Ikitoka juu, ujue mgonjwa alikuwa na tatizo tangu zamani, na uamuzi wowote wa kuondoa figo unakuwa mzito zaidi.

Andika presha ya kwanza kabisa, hata ile iliyopimwa kwenye zahanati au njiani. Namba ya juu ikiwahi kushuka chini ya 90, hata mara moja, hiyo inabaki kwenye hesabu hata kama mgonjwa ameongezewa maji na sasa ana 120. Mara nyingi karatasi ya zahanati hutupwa mapokezi pamoja na namba hiyo. Ibandike kwenye faili.

Sasa uliza namna alivyoumia, kwa undani. Alianguka kutoka urefu gani, na alitua na sehemu gani ya mwili? Alirushwa kutoka kwenye pikipiki au alibanwa? Kilichompiga ubavuni ni usukani, teke, goti au pembe ya ng'ombe? Kisu kilikuwa na urefu gani? Je, aliwahi kuambiwa ana figo moja, mawe, uvimbe au figo iliyojaa maji? Figo yenye kasoro ya zamani hupasuka kwa pigo dogo. Mtu akikojoa damu nyingi baada ya kuanguka kidogo tu, fikiria kasoro kama hiyo.

Jibu la kusikiliza kuliko yote ni lile linalohusu mwendo uliokatika ghafla: kuanguka kutoka juu ya mnazi au ghorofani, au magari kugongana uso kwa uso. Mwili unasimama, figo inaendelea kusogea huku imeshikwa na mishipa yake ya damu. Ukuta wa ndani wa ateri unachanika, damu inaganda hapo, na figo nzima inakosa damu. Au ureta inang'oka pale inapoungana na figo, jambo linalowapata zaidi watoto. Katika hali zote mbili mkojo unaweza kuwa safi kabisa: figo iliyokosa damu haitoi mkojo, na mkojo wa figo ambayo ureta yake imeng'oka unamwagika nyuma ya tumbo badala ya kufika kibofuni. Mtu wa namna hii anastahili picha hata kama kipimo cha mkojo hakina kitu.

Hatua ya 2: Mgeuze

Mgeuze kwa pamoja, watu wanne, shingo ikiwa imeshikwa. Tazama mgongo na ubavu wa pande zote mbili. Unatafuta mchubuko au uvimbe ubavuni, alama ya mkanda wa gari, na maumivu unapobonyeza mbavu za 11 na 12. Kwenye eksirei ya kiuno angalia michomozo ya pembeni ya pingili. Ikiwa imevunjika, pigo lilikuwa kubwa na figo ilikuwa karibu nalo.

Kwa jeraha la kisu, mahali pa kuingilia panasema mengi. Kilichoingia kwa nyuma, kupita mstari wa kwapa, mara nyingi hukata nyama ya figo tu. Kilichoingia mbele ya kwapa kina nafasi kubwa zaidi ya kufikia mishipa mikubwa na mahali mkojo unapotokea. Kwa risasi, chora mstari kati ya tundu la kuingilia na la kutokea au mahali risasi ilipobaki. Ureta iliyo jirani na mstari huo ihesabiwe kuwa imeumia hadi ithibitike vinginevyo, maana mtikisiko wa risasi unaweza kuua ukuta wake bila kuugusa, nao ukatoboka siku kadhaa baadaye.

Kabla ya kuweka mpira wa mkojo, tazama tundu la kukojolea. Kukiwa na damu hapo, simama: mrija wa kutolea mkojo nje unaweza kuwa umechanika, na mpira unaosukumwa kwa nguvu utaumalizia. Hapo hutangulia picha ya mrija huo.

Hatua ya 3: Mkojo wa kwanza, si wa tatu

Sampuli yenye thamani ni mkojo wa kwanza baada ya ajali. Lita mbili za dripu zikishapita, damu iliyokuwepo husafishwa na sampuli ya baadaye hutoka nyeupe. Kama mgonjwa hawezi kukojoa mwenyewe na hakuna damu kwenye tundu, weka mpira na uchukue mililita za mwanzo kabisa.

Tazama kwa macho kwanza, uandike rangi: nyekundu, ya chai ya rangi, au ya kawaida. Kisha chovya kijiti cha kupimia mkojo. Kisha, kama maabara ipo, darubini. Kwa mtu mzima seli nyekundu 5 au zaidi katika uwanja mmoja wa lenzi ya juu ni damu ya kuhesabiwa. Kwa mtoto wengi hutumia kiwango cha zaidi ya 50 kuamua juu ya picha.

Kijiti kina mitego yake. Kikigeuka sana huku darubini haionyeshi seli nyekundu, fikiria protini ya misuli iliyopondeka, hasa kwa mtu aliyefukiwa na ukuta au kubanwa mguu kwa saa nyingi. Huyo anahitaji maji mengi na uangalizi wa figo kwa sababu nyingine kabisa. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia rifampisini hukojoa rangi ya chungwa hadi nyekundu, lakini kijiti chake hakionyeshi damu. Hedhi huchafua sampuli. Mpira uliowekwa kwa shida huleta damu yake wenyewe.

Na kuna kichocho. Unguja, Pemba, ukanda wa pwani na sehemu nyingi za bara, mtoto wa shule anaweza kuwa na damu kwenye mkojo wiki nyingi kabla ya kuanguka mwembeni. Muulize mama kama mtoto alikuwa akikojoa damu kabla, na mwombe mtaalamu wa maabara atafute mayai. Lakini mayai yakionekana yasikufanye ufunge shauri. Mtoto mwenye kichocho anaweza pia kupasuka figo, na kinachoamua kama atapigwa picha ni ukubwa wa ajali na hali ya mwili wake.

Wingi wa damu kwenye mkojo hauendi sambamba na ukubwa wa jeraha. Figo iliyochubuka tu inaweza kutoa mkojo mwekundu kama juisi ya rosela, na iliyokatika mshipa mkuu ikatoa mkojo safi.

Nani apelekwe CT

Mtu mzima aliyepigwa au kuanguka, mwenye damu ya kuonekana kwa darubini pekee, ambaye presha yake haijawahi kushuka na hana dalili ubavuni, hahitaji CT (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) kwa ajili ya figo. Rudia mkojo baada ya siku kadhaa mpaka usafike. Hili ni muhimu mahali ambapo CT iko mkoa mwingine na familia inalipia usafiri.

Apelekwe yule ambaye mkojo wake una damu ya kuonekana kwa macho. Mwenye damu ya darubini aliyewahi kushuka presha chini ya 90. Mwenye kisu au risasi ya tumbo, ubavu au mgongo inayoweza kufika kwenye figo au ureta, awe na damu kwenye mkojo au asiwe nayo. Na aliyeanguka au kugongwa kwa kishindo kikubwa, au mwenye mbavu za chini zilizovunjika au mchubuko mkubwa ubavuni. Kwa mtoto usisubiri presha ishuke. Mwili wake huishikilia hadi damu nyingi imekwisha kupotea, na figo yake ni kubwa kwa uwiano, mafuta ni kidogo na mbavu bado laini.

Mgonjwa ambaye presha haishikiki licha ya maji na damu haendi CT. Anakwenda chumba cha upasuaji.

Hatua ya 4: Ultrasaundi, kwa kazi yake tu

Ultrasaundi ya haraka ya majeruhi inatafuta majimaji huru tumboni, kuzunguka moyo na kwenye nyonga. Kwa figo ina udhaifu mkubwa: damu iliyo nyuma ya tumbo haionekani vizuri, na mashine haitofautishi damu na mkojo. Ikitoka safi haiondoi jeraha la figo. Andika hivyo kwenye ripoti, kwa sababu neno "kawaida" peke yake husafiri na mgonjwa na kumzuia kupigwa CT huko mbele.

Faida yake ni nyingine. Inakuambia kwa dakika mbili kama figo ya upande wa pili ipo, inakuonyesha figo iliyojaa maji, na siku zinazofuata inafuatilia ukubwa wa bonge la damu au majimaji bila mionzi.

Hatua ya 5: CT yenye kontrasti, na ile picha inayosahaulika

Hapa ndipo utambuzi wenyewe unapofanyika, na hapa ndipo unapoharibika mara nyingi, kwa sababu mgonjwa anateremshwa mezani mapema.

Mtu mzima hupewa mililita 100 hadi 150 za kontrasti, yaani dawa inayong'aa kwenye picha, kwa sindano ya mshipa, mtoto takriban mililita 2 kwa kila kilo. Kanula iwe geji 18 au 20 kwenye kiwiko. Kanula ndogo ya kiganjani haipitishi kwa kasi inayotakiwa. Uliza mzio wa kontrasti na pumu. Kwa jeraha linalotishia maisha usikae ukingoja jibu la kreatinini. Kontrasti ya kunywa iache, itang'aa kwenye utumbo na kuficha mkojo unaovuja.

Picha zinachukuliwa kwa awamu tatu. Ya kwanza, takriban sekunde 30 hadi 35 baada ya sindano, inaonyesha ateri: kama zimepasuka, zimeziba, au zinamwaga damu sasa hivi. Ya pili, sekunde 70 hadi 90, inaonyesha nyama ya figo na mipasuko yake. Ya tatu inachukuliwa kama dakika 10 baadaye, pale kontrasti inapokuwa imechujwa na figo na kuanza kushuka na mkojo. Hii ya tatu ndiyo inayoonyesha mkojo unaovuja. Kwenye awamu mbili za kwanza, majimaji yaliyo kando ya figo yanaweza kuwa damu au mkojo, na huwezi kuyatenganisha. Ureta iliyokatika haina dalili nyingine ya uhakika isipokuwa hiyo.

Kwa hiyo andika kwenye fomu ya maombi: "Figo na ureta, picha ya dakika 10 inahitajika." Baki na mgonjwa mezani. Kama kuna majimaji karibu na figo na kontrasti haijashuka kwenye ureta, piga nyingine baada ya dakika 20. Mwenye nyonga iliyovunjika na mkojo mwekundu ajazwe kibofu kwa mililita 300 hadi 350 za kontrasti iliyochanganywa na maji ya dripu kupitia mpira, kisha apigwe picha. Kuufunga mpira na kungoja kibofu kijae chenyewe hakutoshi.

Unapoisoma, hesabu figo kwanza: zipo mbili, na zote zinang'aa? Figo isiyong'aa kabisa na isiyo na damu nyingi kandokando yake imekosa ateri. Muda una thamani kubwa hapo, maana baada ya saa nne hadi sita uwezekano wa kuiokoa unakuwa mdogo sana. Kisha angalia damu imekaa upande gani. Bonge lililo upande wa ndani, karibu na uti wa mgongo, na linalosukuma figo kando, linaashiria mshipa mkuu. Kontrasti iliyomwagika upande huohuo wa ndani huku figo yenyewe haina mpasuko inaashiria kung'oka kwa ureta. Hapo ifuate ureta hadi chini: kama kontrasti haionekani kabisa chini ya mahali pa kuvujia, imekatika kote, kama inaonekana, kuna sehemu bado imeshika.

Kisha toa daraja, kwa mfumo wa Chama cha Marekani cha Upasuaji wa Majeruhi, uliotolewa mwaka 1989; madaraja yafuatayo ni ya marekebisho ya 2018. Daraja la 1 ni mchubuko au damu chini ya ganda la figo. La 2 ni mpasuko wa kina kisichozidi sentimita 1, au damu iliyobaki ndani ya fashia ya Gerota. La 3 ni mpasuko unaozidi sentimita 1 bila mkojo kuvuja, au mshipa unaovuja ndani ya fashia hiyo. La 4 ni mpasuko uliofika kwenye njia za mkojo na mkojo unavuja, ureta iliyong'oka kwenye figo, damu inayovuka fashia, tawi la ateri au vena lililoumia, au sehemu ya figo au figo nzima iliyokufa kwa damu kuganda. La 5 ni figo iliyosambaratika, mshipa mkuu uliokatika, au figo iliyokosa damu huku ikivuja. Daraja haliamui upasuaji peke yake. Wengi wenye jeraha la pigo, hata la daraja la 4, hupona bila kisu ilimradi presha inashika.

Hatua ya 6: CT haipo, na tumbo tayari limefunguliwa

Mpasuaji amefungua kwa sababu ya wengu au ini, akakuta damu imevimba nyuma ya tumbo juu ya figo. Kabla hajaigusa anahitaji kujua kama figo ya pili inafanya kazi. Toa kontrasti mililita 2 kwa kila kilo, zisizozidi 150, kwa mkupuo mmoja wa mshipa, na upige eksirei moja ya tumbo baada ya dakika 10. Presha ikiwa chini ya 90 figo haitachuja na picha itatoka tupu, kwa hiyo rudisha presha kwanza. Kuipapasa figo ya pili kwa mkono kunathibitisha kuwa ipo, basi.

Bonge linalokua au linalopigapiga linafunguliwa. Lililotulia, baada ya jeraha la pigo, na picha inayoridhisha, linaachwa lilivyo.

Hatua ya 7: Ureta iliyoumia mikononi mwetu

Ajali za barabarani huumiza ureta mara chache. Nyingi huumia chumba cha upasuaji, hasa kwenye kutoa kizazi na kwenye upasuaji wa uzazi uliokuwa mgumu. Sehemu za hatari zinajulikana: ukingo wa nyonga, pale mishipa ya ovari inapofungwa; kando ya shingo ya kizazi, kiasi cha sentimita 1.5 hadi 2 tu, pale ateri ya kizazi inapopita juu ya ureta; na karibu na kibofu, pale mpasuko wa kizazi unapochanika kwenda pembeni, damu ikatapakaa na mshonaji akashona kwa haraka asione anachoshika.

Ukiwa na shaka kabla ya kufunga tumbo, tafuta ureta kwa macho na uifuate. Rangi ya methilini bluu mililita 1 hadi 2 kwa mshipa hugeuza mkojo kuwa wa bluu ndani ya dakika kadhaa, na ukitokea mahali pasipo pake utauona. Usimpe mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu). Kumbuka pia kuwa ureta iliyofungwa kwa uzi haivujishi kitu: rangi isipotokea nje, jeraha la namna hiyo bado linawezekana.

Wodini, sikiliza malalamiko. Mama asiyetoa mkojo kabisa baada ya upasuaji, mpira ukiwa sawa, huenda amefungwa ureta zote mbili. Iliyofungwa moja huleta maumivu ya ubavu na homa, au isilete chochote. Tumbo linalozidi kujaa, utumbo uliolala na kreatinini inayopanda huku mgonjwa anakojoa vizuri ni dalili za mkojo uliomwagika tumboni na kunyonywa tena na damu. Kama kuna dreni (mrija wa kutolea majimaji mwilini) inayotoa majimaji mengi, pima kreatinini ya majimaji hayo na ya damu kwa pamoja. Ikiwa ya majimaji ni mara kadhaa zaidi, huo ni mkojo. Zikilingana, si mkojo.

Mama anayevuja mkojo ukeni siku chache hadi wiki mbili baada ya upasuaji, lakini bado anakwenda chooni na kukojoa kama kawaida, ana uwezekano mkubwa wa fistula ya ureta: figo ya pili inajaza kibofu, ya upande ulioumia inamwaga ukeni. Mwekee pamba tatu ukeni, moja juu ya nyingine. Jaza kibofu kwa kama mililita 200 za maji yenye methilini bluu, toa mpira, mwache atembee dakika 10 hadi 15. Toa pamba moja moja. Ya juu ikiwa imelowa bila rangi, mkojo unatoka kwenye ureta. Ikiwa ya bluu, tundu liko kwenye kibofu. Ya chini pekee ikiwa ya bluu, angalia mrija wa nje, au rangi iliyodondoka wakati wa kutoa mpira. Wako wanaoumia kibofu na ureta kwa pamoja, hivyo pamba ya bluu haifungi uchunguzi. Fuatisha ultrasaundi ya figo na CT yenye picha ya dakika 10. Kipimo cha uhakika zaidi ni kontrasti inayopandishwa ndani ya ureta kutoka kibofuni, kinachohitaji kamera ya kibofu. Mpe rufaa mapema: kila wiki inayopita figo iliyozibwa inazidi kuharibika hata mama asipohisi maumivu.

Hatua ya 8: Baada ya jibu

Aliyelazwa bila upasuaji apimwe wingi wa damu kila saa 6 mwanzoni, na abaki kitandani hadi mkojo mwekundu uishe. Daraja la 4 na la 5 hurudiwa CT baada ya saa 48 hadi 72. Kwa madaraja ya chini inarudiwa ikiwa kuna homa, maumivu yanayozidi, damu inayoshuka au tumbo linalovimba.

Mwambie yeye na ndugu zake kwamba mkojo ukirudi kuwa mwekundu ndani ya wiki tatu za mwanzo, arudi siku hiyohiyo. Mshipa uliojeruhiwa unaweza kuwa umetengeneza uvimbe wa damu ambao sasa umepasuka. Presha ipimwe kila anapohudhuria kliniki mwaka wa kwanza, maana figo iliyobanwa na damu iliyovilia au kukosa damu ya kutosha huweza kuipandisha. Kwenye kadi ya ruhusa andika upande, daraja, tarehe ya jeraha na kreatinini ya mwisho.